Usiilaumu Bunduki Kabla Hujatazama Kama Imesimama Wima

Wahenga walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Katika viwanja vya shabaha mbaazi huyo huonekana kila unapofika wakati wa mtihani. Askari aliyepiga vizuri katika mita 100 hurudishwa nyuma hadi mita 300, na hapo matundu yake huanza kutoka nje ya duara, yote yakielekea upande mmoja na kushuka kidogo. Neno la kwanza linalomtoka kinywani ni kwamba bunduki aliyopewa ni mbovu. La pili ni kwamba upepo ulivuma. Bunduki hupelekwa kwa fundi wa silaha, saiti zake husogezwa, na siku ya pili askari mwingine akiichukua bunduki ile ile hupiga kando, safari hii upande wa pili. Sasa wako watu wawili wanaoilaumu silaha ambayo tangu mwanzo haikuwa na kosa.

Leo tumekusudia kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na wa polisi juu ya kosa moja ambalo husababisha mambo kama hayo, nalo ni kosa la kuilaza bunduki upande wakati wa kulenga. Ni kosa dogo kwa macho, na kwa sababu ya udogo wake wengi hawalioni. Mpigaji mwenyewe hulitenda asijue, kwa kuwa saiti zake zote mbili zimepangana sawasawa na shabaha iko mbele ya jicho lake. Kila alichofundishwa amekitimiza, ila bunduki yenyewe haikusimama wima.

JIWE NA EMBE

Mtoto anayetaka kuangusha embe hatupi jiwe kuelekea embe lenyewe. Hulitupa juu ya embe, kwa maana amekwisha kujua, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba jiwe likisafiri hushuka. Embe likiwa karibu huinua mkono kidogo; likiwa mbali huuinua zaidi. Risasi nayo ni kama jiwe hilo. Mwendo wake ni mkali mno, lakini mara inapotoka katika mdomo wa mtutu ardhi huivuta chini kama inavyovuta kila kitu kingine. Hakuna baruti iwezayo kuifanya risasi isafiri katika mstari ulionyooka kabisa.

Watengenezaji wa bunduki walilijua jambo hilo zamani sana, na ndiyo sababu mtutu na mstari wa kulengea haviendi sambamba. Askari anayetumia bunduki ya AK ameona kitelezi kilicho juu ya saiti ya nyuma, chenye namba kuanzia 1 na kuendelea. Kila namba ni mamia ya mita. Ukikisogeza kitelezi kutoka 1 hadi 3, saiti ya nyuma hupanda juu kidogo. Na ili saiti zote mbili zikae tena katika mstari mmoja na jicho, mdomo wa mtutu hauna budi kuinuka. Kwa hiyo jicho la askari hutazama shabaha yenyewe, bali mtutu hutazama juu ya shabaha. Huo ndio mkono wa mtoto ulioinuliwa juu ya embe.

Sasa na tufikiri. Mwinuko huo unafaa upande mmoja tu, nao ni upande wa juu, kwa sababu ardhi huvuta chini peke yake. Bunduki ikilala kulia, yaani sehemu yake ya juu penye saiti ikielekea kulia, mwinuko wa mtutu nao hulala kulia. Mtutu hautazami tena juu ya shabaha. Hutazama juu na kulia. Ni kama mtoto yule angeinua mkono wake upande, akalenga kando ya embe badala ya juu yake. Sehemu ya msaada aliotaka kulipa jiwe imepotea pembeni.

Hapo hutokea mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, risasi huenda upande ule ambao bunduki imelalia. La pili, risasi hupiga chini, kwa kuwa mwinuko uliobaki hautoshi kuufidia mvuto wa ardhi. Kanuni yake ni nyepesi kukumbuka: bunduki ikilala kulia, risasi huenda kulia na chini, ikilala kushoto, risasi huenda kushoto na chini.

Wako wanaodhani kwamba risasi hupotea kwa sababu imetoka ndani ya mtutu ikiwa imelala. Sivyo. Mtutu ni mviringo na risasi ni mviringo, nayo hutoka ikizunguka kwa kasi kubwa. Haijui kama bunduki imesimama ama imelala. Kinachoipoteza ni ule mwinuko uliokwenda upande usiotakiwa.

HESABU YENYEWE

Tuchukue bunduki inayotumia risasi ya milimita 7.62 kwa 51, kama vile G3 au SLR. Risasi hiyo ikifika mita 300 huwa imeshuka kiasi cha sentimita 80 chini ya mstari wa mtutu. Hesabu yote ya kosa letu hutoka katika kipimo hicho cha kushuka.

Ili kuupima mlalo wa bunduki, tusitafute chombo kigeni. Tutazame uso wa saa ya mkono. Mkono mrefu ukisimama juu kabisa, hiyo ndiyo bunduki iliyo wima. Ukisogea alama ya dakika moja tu, umelala digrii 6. Ni mlalo mdogo ambao mtu aliyesimama nyuma ya mpigaji anaweza asiuone asipoangalia kwa makini. Hata hivyo, katika mita 300 mlalo huo huipeleka risasi kando kwa sentimita 8 na zaidi. Mkono ukisogea dakika mbili, yaani digrii 12, risasi hukosa kwa sentimita 16 hadi 17 upande, na kushuka karibu sentimita 2. Ukisogea dakika tano, yaani digrii 30, kosa la upande hufika sentimita 40, na risasi hushuka chini ya alama kwa sentimita 10 au 11.

Msomaji atatambua kwamba mwanzoni kosa la upande ni kubwa sana kuliko kosa la chini. Ndiyo maana askari na mwalimu wake huona kundi la matundu limekwenda kando tu, nao hufikiri mara moja juu ya upepo au juu ya saiti.

Kwa AK ya risasi fupi ya milimita 7.62 kwa 39 mambo ni makubwa zaidi, kwa kuwa risasi yake huenda polepole kuliko ile ya kwanza na ardhi hupata nafasi ndefu ya kuivuta. Katika mita 300 kushuka kwake hupita mita 1, na kwa hiyo dakika moja ya saa humpotezea mpigaji zaidi ya sentimita 10. Mtu asidharau sentimita hizo. Katika karatasi ya shabaha ndizo zinazotenganisha aliyefaulu na aliyeshindwa. Na nje ya uwanja, mahali ambapo risasi haikukusudiwa kwenda huenda pamesimama mtu.

Masafa nayo yana neno lake. Risasi ile ya G3 katika mita 100 hushuka sentimita 7 au 8 tu, na mlalo wa dakika moja huipeleka kando kwa kiasi kisichotimia sentimita 1. Hakuna awezaye kuliona kosa hilo katika karatasi. Lakini katika mita 600 kushuka hupita mita 3, na mlalo ule ule huipeleka risasi kando kwa zaidi ya sentimita 30. Kosa hili basi halikui sawa na masafa, bali hukua kwa haraka kuyapita.

DALILI ZA UGONJWA

Katika neno hilo la mwisho imo njia ya kuutambua ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Saiti zikiwa zimesogea kando, kosa lake huongezeka sawasawa na masafa: ukikosa sentimita 3 katika mita 100, utakosa sentimita 9 katika mita 300. Ni mara tatu, kwa kuwa masafa ni mara tatu. Lakini bunduki iliyolala, ikiwa saiti imewekwa kila mara kwenye namba ya masafa yake, hukosa katika mita 300 mara kumi hivi ya ilivyokosa katika mita 100. Kwa hiyo askari anayepiga vizuri kabisa katika mita 100, kisha katika mita 300 matundu yake yote yakahamia upande mmoja, siku ambayo bendera za uwanja zimelala bila upepo, na atazamwe bunduki yake inavyokaa begani kabla ya kumwita fundi wa silaha.

Dalili ya pili ni matundu yaliyotawanyika kwa upana, kulia na kushoto, na kwa urefu hayakutawanyika sana. Hii ni dalili ya mtu ambaye bunduki yake hailali upande mmoja daima. Risasi moja imelala dakika moja kulia, ya pili imesimama wima, ya tatu imelala kushoto. Hakuna saiti inayoweza kusogezwa ili kumtibu mtu huyo.

Hapa tunaomba mafundi wa silaha na walimu wa shabaha watusikilize kwa makini. Katika AK ni saiti ya mbele inayosukumwa kando. Katika G3 na SLR ni ile ya nyuma. Kazi hiyo ni rahisi, na urahisi wake ndio hatari yake. Tuseme askari analaza bunduki dakika moja kulia, na fundi akazisogeza saiti ili risasi irudi katikati kwa mita 300. Siku hiyo wote watafurahi. Lakini siku ya pili askari huyo akipiga katika mita 600, sahihisho alilopewa litamrudishia sentimita 17 tu, na kosa lake limekwisha kupita 30. Na bunduki hiyo akipewa mwenzake anayeishika wima, huyo atapiga kushoto katika kila masafa. Bunduki ya kambini si mali ya mtu mmoja. Hupita mkono hadi mkono, na mara nyingine hupita usiku, kwa haraka, bila nafasi ya kuijaribu. Kosa la mtu likishaingizwa ndani ya chuma huwa ni kosa la kikosi kizima.

KWA NINI BUNDUKI HULALA

Sababu ya kwanza ni shingo. Kuruta badala ya kuileta bunduki kwenye uso, huupeleka uso kwenye bunduki. Huinamisha kichwa juu ya kitako, na kichwa kikilala bunduki nayo hukifuata. Jicho lililoinama haliwezi tena kutambua lipi limesimama na lipi limelala.

Sababu ya pili ni kitako kukaa mahali pabaya. Kikiwekwa nje mno, juu ya mkono badala ya ndani ya bonde la bega, bunduki hugeuka yenyewe ili itulie. Kiwiko cha mkono wa kushoto kikienda mbali sana pembeni badala ya kukaa chini ya bunduki, mkono huo nao huigeuza.

Sababu ya tatu ni ardhi. Mpigaji aliyelala kifudifudi penye mteremko, bega moja likiwa juu ya lingine, huuona mteremko kuwa ndio usawa, na huilaza bunduki kuufuata. Katika nchi zetu za vilima jambo hili ni la kila siku. Uwanja wa shabaha umesawazishwa. Ubavu wa kilima haukusawazishwa na mtu.

Sababu ya nne inawahusu zaidi askari wanaovaa barakoa za kujikinga na gesi. Barakoa huzuia shavu lisifike kwenye kitako, na mpigaji hulazimika kuigeuza bunduki ili aweze kuona ndani ya saiti. Anayepigia bega la kulia huilaza kushoto, na risasi yake huenda kushoto na chini. Hapo mlalo ni wa lazima. Lililo muhimu ni kwamba askari ajue risasi yake inakwenda wapi, na ajizoeze akiwa amevaa barakoa yenyewe, asingoje siku ya haja.

WAPIGAJI WA MASHINDANO

Si jambo geni hili. Katika mwaka 1874 huko Creedmoor, karibu na New York, wapigaji wa Marekani walishindana na wapigaji wa Ireland katika masafa ya yadi 800, 900 na 1,000. Marekani ilishinda kwa alama 934 dhidi ya 931. Baina ya taifa na taifa, baada ya risasi nyingi za siku nzima, palikuwa na tofauti ya alama tatu tu. Katika miaka hiyo ya 1870 wapigaji wa masafa marefu walikuwa wakifunga pimamaji ndogo kwenye saiti ya mbele, sawa na ile ambayo mwashi huiweka juu ya tofali, ili kiputo chake kiwaonye bunduki inapolala. Hata leo zipo saiti za mashindano zenye pimamaji ya namna hiyo.

Msomaji mwenye kujua ataweza kutuuliza: mbona wako mabingwa wa mashindano ya dunia ambao hulaza bunduki zao kidogo kwa makusudi? Ni kweli wako. Bingwa huyo hupiga kwa bunduki yake mwenyewe, iliyotengenezwa kufuata mwili wake, katika masafa yasiyobadilika, na saiti zake amezisawazisha kwa mlalo ule ule. Zaidi ya hayo, amefanya mazoezi ya miaka mingi ili mlalo wake katika risasi ya kwanza uwe ndio mlalo wake katika risasi ya mwisho. Yeye hakuivunja kanuni. Ameitii kwa njia nyingine. Kinachoharibu shabaha zaidi ni mlalo unaobadilika. Askari hana masafa yaliyowekwa, wala hana bunduki aliyoshonewa kama suti. Kwake yeye ulipo usawa mmoja tu unaoweza kukumbukwa gizani, mvuani na katika uchovu: bunduki wima.

DAWA YAKE

Dawa haina gharama, wala haihitaji risasi hata moja. Mwalimu atafute uzi na jiwe dogo, atengeneze timazi kama ya mwashi, aitundike mbele ya mahali pa kulala wapigaji. Kwanza bunduki zote zikaguliwe na kuhakikishwa kwamba hazina risasi. Kisha askari alale, alenge, na aulinganishe msumari wa saiti ya mbele na ule uzi. Uzi haudanganyi. Ukiachana na msumari, bunduki imelala.

Baada ya hapo askari afumbe macho, aiondoe bunduki begani, airudishe, ajipange upya, ndipo afumbue macho na kuutazama uzi. Akiikuta bunduki imelala, asiisahihishe kwa kuisokota kwa mikono. Bunduki iliyosokotwa hurudi mahali pake wakati kidole kinapovuta kifyatuo. Asahihishe mwili: ainue kichwa, akiingize kitako ndani ya bega, akilete kiwiko chini ya bunduki. Arudie mpaka bunduki isimame wima yenyewe, macho yakiwa yamefumbwa. Zoezi hilo lifanywe pia kwa kupiga goti na kwa kusimama, na lifanywe ubavuni mwa kilima.

Mwenzi naye ana kazi. Akae nyuma ya mpigaji, ayatazame mambo mawili tu, kichwa na bunduki, na aseme neno moja kila anapoona mlalo: kulia, au kushoto. Ni afadhali kuambiwa na rafiki kuliko kuambiwa na karatasi ya shabaha.

Mwisho, mwalimu akipata risasi chache za ziada, amruhusu kila askari apige risasi tano bunduki ikiwa wima na risasi tano ikiwa imelala kwa makusudi dakika mbili za saa, katika mita 300, akilenga alama ile ile. Ayatazame makundi yake mawili yalivyoachana. Mtu aliyeona kwa macho yake mwenyewe hahitaji kuhubiriwa tena.

NENO KWA POLISI

Ndugu zetu wa polisi wanaweza kusema kwamba wao hawapigi katika mita 300. Ni kweli, na tumekwisha kueleza kwamba katika masafa mafupi mlalo peke yake hauleti kosa kubwa. Lakini bunduki iliyolala ni habari ya mwili uliokaa vibaya, na mwili uliokaa vibaya huzaa makosa mengine: kuvuta kifyatuo kwa kishindo, kuhama kwa shavu, kuchelewa kurudi kwenye shabaha. Isitoshe, askari polisi hupiga mahali penye watu. Mwanajeshi akikosa huenda akapiga mchanga; polisi akikosa, nyuma ya aliyemlenga upo mlango wa nyumba, iko duka, iko shule. Yeye anapaswa kuijua bunduki yake zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Tunarudia basi lile tulilolisema mwanzo. Bunduki inaweza kuwa mbovu, na upepo unaweza kuvuma. Mambo hayo hutokea. Lakini kabla ya kuipeleka silaha kwa fundi, kabla ya kusogeza saiti ambayo kesho mwenzako ataitegemea, chukua uzi na jiwe, ulale chini, utazame. Mwashi hajengi ukuta kwa kukisia. Na ukuta wake ukipinda unaweza kubomolewa ukajengwa upya. Risasi ikishatoka katika mtutu, hakuna wa kuiita irudi.